Dawa ya Magugu ya Majani Mapana: Mafunzo Kutoka Masasi na Newala

Ndugu Wanachama,

Wanachama kadha wa kadha wametuuliza habari ya dawa za kuua magugu, na zaidi habari ya ile dawa isemwayo kwamba huua magugu ya majani mapana na kuuacha ukoka salama. Wako wanaotaka kuitumia katika kiwanja cha mpira cha vijana wao, wako wanaotaka kuitia katika uwanja wa nyumba, na wako waliouliza kama haiwezi kupunguza gharama ya palizi chini ya mikarafuu. Swali hili la mwisho ndilo lililotufanya tushike kalamu upesi, kwa sababu jibu lake laweza kuokoa miti au kuipoteza.

Tumeona vyema kulieleza jambo hili kwa kuitazama nchi ya Masasi na Newala, katika Mkoa wa Mtwara. Mwanachama atauliza, sisi watu wa karafuu twatafuta nini huko kwenye korosho? Jibu ni kwamba wenzetu wale wanafanana na sisi zaidi kuliko tunavyodhani. Wao kama sisi hutegemea mti mmoja kwa fedha zao za mwaka, na mti huo hupandwa na baba ukavunwa na mjukuu. Wao kama sisi wana viwanja vya ukoka katikati ya miti na mazao. Tena wao wanalo jambo moja ambalo sisi hatunalo kwa wingi: mabomba ya kupulizia dawa yamo karibu katika kila kijiji, kwa ajili ya maradhi ya mikorosho. Kwa hiyo hatari tunayotaka kuieleza huonekana kwao wazi zaidi. Na Wamakonde si wageni kwetu, kwani wengi walivuka bahari zamani kuja visiwani kufanya kazi za mashamba, na wajukuu wao ni majirani zetu leo.

NCHI YENYEWE

Mji wa Newala umekaa juu ya uwanda wa Wamakonde, katika ukingo wake wa magharibi. Mtu akisimama pale mahali paitwapo Shimo la Mungu huona nchi imeporomoka chini yake hadi bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Mji wa Masasi uko chini ya uwanda huo, upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe makubwa yaliyosimama kama minara.

Udongo wa uwandani una mchanga mwingi, na mvua ikinyesha maji huzama upesi. Ndiyo sababu juu ya uwanda hakuna mito ya kutegemea, na zamani akina mama wakiteremka mabondeni kuteka maji. Mvua ni za msimu mmoja, aghalabu kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Baada ya hapo kiangazi huwa kirefu.

Mazao yao, mbali na korosho, ni mihogo, mbaazi, kunde, karanga, njugu mawe, ufuta, mahindi na mtama. Tafadhali, Ndugu Mwanachama, uyaweke mazao haya akilini, kwa maana tutayarudia. Hesabu ni yapi yenye majani mapana na ni yapi yenye majani membamba. Utaona ya kwamba mahindi na mtama peke yake ndiyo yenye majani membamba. Yote yaliyobaki ni ya majani mapana.

UKOKA NA MAADUI WAKE

Katika nchi ya joto, majani yafaayo kwa viwanja ni yale yapendayo jua kali. La kwanza kati yao ni ukoka. Hutambaa juu ya ardhi na chini yake, huvumilia kukanyagwa, na wakati wa kiangazi hukauka juu lakini mizizi yake hubaki hai, ikingojea mvua. Viwanja vya shule, vya mpira, vya misikiti na makanisa, na nyua za ofisi za serikali, aghalabu hufunikwa na ukoka au majani ya jamaa yake.

Maadui wa ukoka ni wengi. Yuko mbigili, ambao miiba yake huwachoma watoto wachezao miguu mitupu. Yuko kishonanguo, ambao mbegu zake hunasa katika nguo na kusafiri na mtu mpaka shamba jingine. Yuko mziwaziwa, yuko tako la hawa, yuko mchicha pori, na kifauongo wenye miiba, ambao hujikunja ukiguswa. Hao wote ni wa majani mapana.

Sisi visiwani tumezoea kusema "majani" kwa kila kimea kijani kisichopandwa na mtu. Mtumiaji wa dawa hawezi kusema hivyo. Yampasa kujua koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa majani membamba, ambao mishipa ya jani lao hukimbia sambamba toka shina hadi ncha. Humo mna ukoka, mahindi, mtama, mpunga na muwa. Ukoo wa pili ni wa majani mapana, ambao mishipa ya jani lao husambaa kama wavu. Humo mna mbigili na kishonanguo, lakini humo pia mna muhogo, mbaazi, kunde, mpapai, mwembe, mkorosho na mkarafuu. Asiyeamini na achume jani moja la ukoka na moja la mkarafuu, ayatazame juani.

Na ndago je? Ndago hufanana na majani membamba, lakini ni wa ukoo wake mwenyewe, na dawa ya majani mapana haumalizi. Mtu akiua magugu mapana yote asishangae akiona ndago umeshika nafasi yake.

DAWA HII NI NINI

Dawa iliyo mashuhuri kuliko zote katika kazi hii huandikwa kwenye chupa kwa tarakimu na herufi: 2,4-D. Iligunduliwa wakati wa vita vikuu vya pili, na wataalamu wa Uingereza na wa Marekani, kila upande ukifanya kazi yake mbali na mwenzake. Habari zake zilianza kutangazwa mwaka 1944, na mwaka 1945 ikaanza kuuzwa Marekani. Kabla yake watu walikuwa na dawa zilizounguza kila kitu. Ajabu ya dawa hii mpya ilikuwa kwamba yaweza kumwagwa juu ya majani ya kiwanja au juu ya ngano, magugu mapana yakafa na majani membamba yakabaki. Katika Tanzania Bara hutumiwa zaidi katika mpunga, ngano na miwa, na sababu ni hiyo hiyo, kwa kuwa mazao hayo yote ni ya ukoo wa majani membamba.

Inafanyaje kazi? Kila mmea una maji yake ya ndani yanayouamrisha ukue: shina lirefuke, jani lifunguke, mzizi ushuke. Dawa hii huiga amri hiyo, lakini huitoa bila kiasi na bila kukoma. Mmea mpana ukiipokea huanza kukua ovyo, shina hujipinda kama pembe ya kondoo, majani hujikunja kama vikombe, njia za chakula ndani ya shina huziba, na baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili tatu mmea hufa. Ukoka huokoka kwa sababu kadhaa. Jani lake jembamba lililosimama hushika matone machache. Mahali pake pa kukulia pamejificha chini karibu na ardhi. Mirija yake ya ndani imepangwa namna nyingine, na mwili wake huweza kuivunja dawa kabla haijaudhuru.

Lakini ukoka huokoka kwa kiasi tu. Dawa ikizidi, au ukoka ukiwa mchanga uliopandwa juzi, au ukiwa umenyauka kwa kiu, nao hudhurika.

Ziko dawa nyingine ambazo watu huzichanganya na hii. Glaifoseti, iliyotoka madukani mwaka 1974, haina uchaguzi: huua ukoka na mbigili pamoja. Mtu akiipuliza kiwanjani atabaki na udongo mtupu. Iko pia dikamba, ambayo mara nyingi hutiwa pamoja na 2,4-D katika dawa za viwanja. Hii huweza kushuka na maji katika udongo hadi ikaifikia mizizi ya mti. Katika udongo wa mchanga kama ule wa Newala, na penye mti wa thamani karibu, dikamba si ya kuchezewa. Kwa hiyo usinunue kwa jina lililochorwa kwa herufi kubwa. Geuza chupa usome yaliyomo ndani.

DAWA HAIJUI MPAKA

Sasa tumefika kwenye kiini cha maneno yetu. Watu huambiwa kwamba dawa hii "huchagua", nao hudhani kwamba huchagua baina ya gugu na zao. Sivyo. Dawa haijui gugu wala zao, kwa kuwa gugu ni jina tu alilolitoa mkulima. Dawa hujua jani. Muhogo wa jirani, kwa dawa hii, ni sawa na kishonanguo. Mkorosho uliopandwa na babu ni sawa na mbigili, ila ni mkubwa zaidi.

Fikiri kiwanja cha shule katika kijiji cha Newala. Upande mmoja kuna mikorosho, upande wa pili shamba la mihogo na mbaazi, upande wa tatu nyumba za walimu zenye mipapai na mchicha. Kiwanja hicho ni kama kisiwa cha ukoka katikati ya bahari ya majani mapana. Mpulizaji akiinua bomba wakati wa upepo, matone madogo, madogo kuliko jicho liwezavyo kuona, husafiri hadi nje ya kiwanja. Kiasi kidogo sana chatosha kukunja majani ya mihogo. Na hasara hiyo haimpati aliyepuliza, humpata jirani, ambaye pengine hajui hata kama dawa ilipulizwa.

Tena dawa hii huuzwa kwa sura mbili. Moja huitwa esta, nyingine amaini. Ya esta hupanda hewani kama harufu kwa joto la jua, hata baada ya kupulizwa kwa uangalifu na upepo ukiwa umetulia, nayo huweza kwenda mbali. Ya amaini haipandi hewani kwa urahisi huo. Katika nchi zetu za joto, na penye mazao karibu, ya esta yafaa iachwe kabisa.

SHIDA YA WAKATI

Kila dawa ina wakati wake, na hapa ndipo wenzetu wa Masasi na Newala wanapokutana na tatizo kubwa. Wakati mzuri wa kuua magugu mapana ni yakiwa machanga, yanakua kwa nguvu, udongo una unyevu, nayo hayajatoa maua. Gugu lililokomaa au lililokauka kwa kiangazi halinywi dawa. Basi wakati huo ni upi katika nchi yao? Ni Desemba na Januari, mvua zikishaanza.

Lakini Desemba na Januari ndio wakati ambao mihogo imechipua, kunde na karanga zimeota, mbaazi ni changa, na miche ya mikorosho imepandwa mashambani. Yaani saa ambayo magugu ni dhaifu kuliko saa zote, ndiyo saa ambayo mazao nayo ni dhaifu kuliko saa zote. Anayesema "nitasubiri mazao yakomae" atakuta magugu nayo yamekomaa, yamemwaga mbegu, na upepo wa kusi umeanza kuvuma.

Kwa sababu hiyo, mwenye kuamua kutumia dawa hana budi kufuata masharti haya. Apulize asubuhi mapema, upepo ukiwa umetulia lakini si kufu kabisa, maana hewa iliyosimama kimya alfajiri huweza kubeba ukungu wa dawa na kuuteremsha mahali pengine. Ashushe mdomo wa bomba karibu na ardhi. Atumie mdomo utoao matone makubwa, wala asipampu kwa nguvu nyingi. Aache ukanda mpana usiopulizwa kuzunguka kiwanja, na ukanda huo aupalilie kwa mkono. Asipulize mawingu ya mvua yakiwa yamekaribia. Asikate majani ya kiwanja siku mbili tatu kabla na siku mbili tatu baada, ili magugu yawe na majani ya kuipokea dawa na muda wa kuiteremsha mizizini. Na kabla ya hayo yote, awaarifu majirani.

KUPIMA SI KUKISIA

Makosa mengi hutokana na kizibo. Mtu husema, "Tia vizibo viwili," na mwingine, akitaka kumaliza kazi upesi, hutia vinne. Njia ya haki ni hii.

Chukua bomba la mgongoni, utie maji matupu, ujaze kamili. Pima mraba wa mita 10 kwa mita 10, uupulize kwa mwendo wako wa kawaida. Halafu jaza bomba tena kwa kipimo cha lita, uone umetumia maji kiasi gani. Tuseme umetumia lita 4. Basi kila mita za mraba 100 zataka lita 4.

Tuseme kiwanja chako kina mita 50 kwa mita 40. Hizo ni mita za mraba 2,000, yaani sehemu moja ya tano ya hekta. Maji yatakayohitajika ni lita 80, na bomba la lita 16 litajazwa mara 5. Ikiwa kibandiko chasema lita 1 ya dawa kwa hekta moja, basi kiwanja chako chataka mililita 200 kwa jumla, na kila bomba mililita 40. Hesabu hii ni mfano tu. Kiasi cha kweli ni kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha chupa uliyoinunua, na kipimo chake ni kikombe chenye alama za mililita, kisichorudi jikoni tena.

Dawa ikizidi haiui magugu vizuri zaidi. Mara nyingine huunguza majani ya juu kabla dawa haijateremka, na mizizi ikachipua upya. Umepoteza fedha na gugu liko pale pale.

BOMBA LENYE KUMBUKUMBU

Tulisema ya kwamba Masasi na Newala mabomba ni mengi. Sababu yake ni ubwiriunga, maradhi ya ukungu mweupe yanayoshambulia maua na machipukizi ya mikorosho katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hivi. Wakulima huyapiga vita kwa salfa ya unga na kwa dawa za maji. Kituo cha Utafiti wa Kilimo Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya maradhi hayo na juu ya mkorosho kwa jumla.

Sasa tazama hatari. Bomba lililotumika Januari kuulia magugu ya kiwanja, Juni hubebwa kwenda kupulizia maua ya mikorosho. Dawa ya 2,4-D hung'ang'ania katika mpira, katika chujio na katika mdomo wa bomba, na kuosha mara moja kwa maji hakutoshi. Mabaki machache hutoka pamoja na dawa ya ubwiriunga, nayo hupelekwa na mkulima mwenyewe, kwa mkono wake, juu ya maua aliyokusudia kuyaponya. Maua yakipotea hakuna korosho za kupeleka ghalani, wala hakuna mnada wa ushirika utakaomfaa. Tena huenda akadhani dawa ya ubwiriunga ndiyo mbovu.

Dawa ya jambo hili ni rahisi: bomba la magugu liwe la magugu tu. Litiwe alama ya rangi nyekundu, liwekwe mbali, lisiazimwe kwa kazi nyingine. Kikundi kisichoweza kununua mabomba mawili, heri kibaki na jembe.

MWILI WA MTU NA WA MNYAMA

Mengi yamesemwa juu ya dawa hii na maradhi. Ni kweli kwamba 2,4-D ilikuwa nusu ya ile dawa mashuhuri ambayo jeshi la Marekani liliimwaga katika misitu ya Vietnam katika miaka ya 1960, na watu wengi wakadhurika. Nusu ya pili ilikuwa dawa nyingine, 2,4,5-T, na ndiyo iliyokuwa na uchafu wa sumu kali iitwayo dayoksini. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka 2,4-D katika daraja la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi uliokuwa mdogo. Hiyo si hukumu ya kwamba hakika yasababisha, wala si cheti cha usalama. Mtu mwenye akili huchukua hadhari.

Hadhari zenyewe ni hizi. Vaa glavu za mpira, buti, shati la mikono mirefu, na kinga ya macho, kwani dawa hii huumiza macho vibaya sana. Usile, usinywe, usivute sigara ukiwa kazini. Oga baada ya kazi, na nguo zako zifuliwe mbali na za watoto. Usimimine mabaki kisimani wala mtoni. Katika nchi kama Newala, ambako maji yana historia ya shida, na visiwani kwetu, ambako visima viko karibu na nyumba, jambo hili ni amana ya watu wote. Chupa tupu isafishwe mara tatu, maji ya kuoshea yarudi katika bomba, kisha itobolewe ili isije ikawekewa mafuta ya taa au maziwa. Watoto wasicheze kiwanjani, wala mbuzi wasilishwe humo, mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye kibandiko. Majani yaliyokatwa katika kiwanja kilichopulizwa yasitandazwe katika bustani ya mboga.

Na dawa yenyewe inunuliwe katika duka linalotambulikana, ikiwa katika chupa yake na kibandiko chake. Kwa upande wa Bara, usajili wa dawa hizi uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kwetu, muulize bwana shamba au bibi shamba kabla ya kununua. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda usiiguse, hata ikiwa ni ya bure.

UKOKA WENYE NGUVU NDIO DAWA YA KWANZA

Hatukutaka mtu adhani ya kwamba bila dawa hakuna njia. Gugu pana halivamii ukoka ulioshikana. Huingia penye upara: mbele ya magoli, penye njia za miguu, penye udongo ulioshindiliwa mpaka ukawa kama sakafu. Anayepuliza dawa bila kuuponya upara huo ameua magugu ya mwaka huu na kuyafanyia nafasi ya mwakani.

Basi, mvua zinapoanza, tifua udongo ulioshindiliwa kwa uma, pandikiza vipande vya ukoka penye upara, na uvifunge visikanyagwe mpaka vishike. Kata kiwanja mara kwa mara, lakini usikikwangue: kimo cha vidole viwili hivi kinatosha. Magugu mengi marefu hufa kwa kukatwa kila mara, hali ukoka hunenepa kwa kukatwa. Tia samadi iliyooza vizuri, maana samadi mbichi huja na mbegu zake za magugu. Mbigili ung'olewe na mzizi wake mkuu baada ya mvua, udongo ukiwa laini, kabla miiba haijakauka. Kusanya na uchome moto, kwani mbegu zake huweza kulala ardhini kwa miaka. Wanafunzi thelathini, kila mmoja na ndoo yake na kijiti chenye ncha, hufanya mengi asubuhi moja, na kazi hiyo haihitaji kinga ya macho wala haimkosanishi mtu na jirani.

NA SISI WATU WA KARAFUU

Turudi sasa kwa swali la wanachama: je, dawa hii yafaa chini ya mikarafuu? Jibu letu ni kwamba haifai. Mkarafuu ni mti wa majani mapana. Una mizizi mingi ya kulia chakula iliyo karibu na uso wa ardhi. Miche tunayoipanda kuziba mapengo ni laini mno, na matawi ya chini ya mti mkubwa hugusa mahali ambapo mdomo wa bomba hupita. Aidha karafuu yetu huuzwa ikiwa ni kiungo cha chakula, na wanunuzi wa nje hupima mabaki ya dawa. Mzigo mmoja ukikutwa na uchafu, jina linaloharibika ni la kisiwa kizima.

Chini ya mkarafuu njia ni ile ile ya wazee. Kuzunguka shina, palilia kwa mkono kwa wepesi, bila kuchimba, usije ukakata mizizi. Baina ya mistari, fyeka, usikwangue. Katika vilima vya Pemba, ambako mvua huteremka na udongo, majani yaliyofyekwa yakabaki na mizizi yake ni kama mkeka unaoushika udongo usiende bondeni. Wenzetu wa korosho nao husafisha chini ya miti yao kabla ya Oktoba, kwa sababu korosho huanguka chini zikaokotwa, na wengi hufyeka na kupalilia bila kuhitaji dawa ya majani mapana.

Katika kiwanja cha mpira kilicho mbali na mazao, chenye ukoka ulioshika vizuri, chenye mtu mmoja aliyefundishwa na bomba lake la pekee, dawa hii yaweza kufaa, kwa kiasi, mara moja, katika sehemu zilizozidiwa tu. Mahali pengine pote, panga na mkono havijapitwa na wakati. Mwanachama anayefikiria kununua, na aje kwanza ofisini kwetu na kipimo cha kiwanja chake na orodha ya kilichopandwa pande zote nne. Tutakaa naye tupige hesabu pamoja, kisha tumwite bwana shamba apatazame mahali penyewe kabla chupa haijafunguliwa.

Wassalaam,
Katibu wa Chama